Nguzo za mpakani, mbolea na kisanduku kizito: majibu kwa wasomaji wa Lubumbashi

*Papa, naendesha lori la shaba. Bandarini walinipitisha polepole kati ya nguzo mbili nene. Hazinichomi? (Shoferi, Kamalondo)*

Hapana, baba. Zile nguzo zinatafuta mionzi kwenye mizigo: hazitoi kitu, zinapokea tu. Ndani mna ubao mpana wa plastiki. Mwale wa gamma, aina ya mionzi isiyoonekana, ukiugonga, ubao unamulika kidogo sana, na mashine inahesabu mimuliko hiyo. Ukikimbiza lori, haipati muda wa kuhesabu. Ile ya kupiga picha za eksirei ni mashine nyingine, na yenyewe hutoa mionzi kweli. Ukiambiwa shuka, shuka.

*Mbolea yangu iliamsha kengele, wakadhani nimeficha urani! (Mama muuzaji, komini ya Kenya hapa Lubumbashi)*

Pole, mama. Mbolea ya potashi ina potasiamu-40, yenye mionzi ya asili. Vigae navyo huamsha kengele, hata mgonjwa aliyetoka kutibiwa kwa iodini ya mionzi. Huyo atembee na karatasi ya daktari. Kengele inasema mionzi ipo, haisemi ni ya nini. Omba waje na kipimo cha mkononi: kikiwekwa karibu na gunia dakika chache, kinataja chanzo.

*Nanunua vyuma chakavu. Nimeletewa kisanduku kidogo, kizito ajabu, chenye alama ya mabawa matatu meusi kwenye manjano. Nikikate? (Kijana, Katuba)*

Usikikate, mwanangu! Nakusihi. Uzito huo huenda ni wa risasi, ile metali nzito (plomb), na risasi huwekwa ili kuzuia mionzi isitoke. Goiânia, Brazili, mwaka 1987, watu walibomoa mashine ya tiba iliyoachwa kwenye kliniki tupu. Ndani mlikuwa na unga wa seziamu-137, kitu chenye mionzi mikali, unaong'aa buluu gizani. Uliwapendeza, wakagawiana, wengine wakajipaka. Wanne walikufa, mmoja wao mtoto wa kike wa miaka 6, na watu 249 walikutwa na uchafu wa mionzi. Kiache hapo kilipo, ondoa watu wote, nawa mikono, kisha ita polisi na uwaelezee alama hiyo. Kila ukiongeza umbali mara mbili, mionzi inayokufikia hushuka hadi robo.

*Na malori ya asidi yanayotoka mpakani Kasumbalesa, nguzo hizo zinayatambua? (Mkaaji wa Kampemba)*

Haziyatambui, asidi haina mionzi. Soma kibao cha rangi ya machungwa: namba 1830 ni asidi ya salfa. Tanki likipinduka, peleka watoto mbali, upande upepo unakotokea. Usiimwagie asidi maji, itachemka na kuruka. Wala usikimbilie na bidoni kuichota.