Mama akikataa, amekataa

Maswali ya wanaoanza kutengeneza filamu, na majibu yangu.

Nimechanganya matukio ya kweli na maigizo. Niiite filamu ya aina gani?

Iite filamu. Swali hili huletwa zaidi na watu ambao hawajarekodi hata dakika moja. Rekodi kwanza.

Nataka filamu ya kujiuliza mimi ni nani, ila maisha yangu hayana kisa. Nibuni?

Buni, na uanze na jina unalojipa mwenyewe. Mwaka 1958 Jean Rouch, mwongozaji Mfaransa, alitoa *Moi, un noir*, aliyoipiga Abidjan na vijana waliotoka Niger kutafuta vibarua. Mmoja alijiita Edward G. Robinson, mwingine Tarzan. Picha zilipigwa bila sauti. Baadaye wakazitazama na kurekodiwa wakijisemea juu ya picha hizo. Hapo ndipo ukweli wake ulipo: kibarua wa bandarini anajiona akiwa na jina la nyota wa sinema, na anajieleza jinsi anavyotaka ajulikane. Oumarou Ganda, aliyekuwa huyo Robinson, baadaye akawa mwongozaji mwenyewe.

Kamera gani inafaa?

Uliyo nayo. Pesa weka kwenye maikrofoni.

Mama hataki kurekodiwa. Nikimtafuta mwigizaji aseme maneno yake, kuna ubaya?

Upo, tena mkubwa. Maneno yakiwa yake, umemrekodi kwa mlango wa nyuma. Kijana mmoja niliyemsaidia kuhariri aliingiza sauti ya baba yake aliyoinasa kwa siri. Siku ya kuonyesha, mzee alikaa mstari wa pili. Aliposikia kikohozi chake mwenyewe gizani, aliinuka akatoka. Nilikuwa nimekisikia kikohozi kile mara nyingi mno kwenye meza ya kuhariri, na sikuuliza kama mwenyewe anajua.

Msinitajie Sarah Polley, mwongozaji wa Kanada. Katika *Stories We Tell* (2012) alitumia waigizaji kumrudisha mama yake aliyekwisha kufariki, lakini baba na ndugu walikaa mbele ya kamera kwa hiari yao. Baba anasoma simulizi studio, binti anamwomba arudie mstari, naye anarudia. Anajua yuko kazini. Mama yako yu hai, na ameshajibu.

Ndugu zangu wanalikumbuka tukio moja kila mtu kivyake. Nimwamini nani?

Waache wapingane, wala usiweke msimulizi wa kuwaamua. Na kabla hujatangaza tarehe ya kuonyesha, waketishe waitazame yote, wewe ukiwa na kalamu mkononi, tayari kukata.