Nimebadilisha jina la faili, historia yake imekwenda wapi?

SWALI: Nilibadilisha jina la hesabu.py kuwa ankara.py kwa mv ya kawaida (amri ya mfumo ya kuhamisha faili), nikaandika upya sehemu kubwa ya msimbo wake, nikakomiti vyote pamoja, yaani nikaviweka kwenye historia ya Git, programu inayotunza matoleo ya mradi. Sasa git log ankara.py inanionyesha komiti moja tu, na faili lina miaka mitatu. Mwenzangu anasema kosa ni kutotumia git mv, amri ya Git yenyewe ya kuhamisha faili, na anataka tuichonge upya historia ya ripo (hifadhi ya mradi) nzima kwa filter-repo, zana ya kuandika upya komiti za zamani. Bado sijasukuma komiti hiyo kwenye seva ya timu. Nifanyeje?

JIBU: Kwanza mzuie mwenzako asiguse ripo. Historia ipo. Andika git log -- hesabu.py utaikuta yote.

Habari hii ya git mv naisikia kila wiki, na imeshanichosha. Amri hiyo haiandiki popote kwamba faili limehama. Inalihamisha, inaondoa jina la zamani kwenye vitu vitakavyokomitiwa, inaingiza jipya, basi. Ukifanya kwa mkono na kumalizia na git add -A, matokeo ni yaleyale. Nadhani imani hii tumeachiwa na waliozoea Subversion, mfumo mwingine wa kutunza matoleo, maana kule svn move kweli hurekodi uhamisho. Git, tangu Linus Torvalds alipoianzisha mwaka 2005, huhifadhi hali ya mradi mzima kwa kila komiti. Suala la nani amekuwa nani hukisiwa baadaye, wakati wa kulinganisha. Likitoweka faili moja na kutokea jingine linalofanana nalo kwa asilimia 50 au zaidi, Git husema limebadilishwa jina.

Wewe uliliandika upya hadi likashuka chini ya hapo. Hata git mv isingekuokoa.

Kwa kuwa hujasukuma, weka nakala ya ankara.py nje ya mradi, kisha itengue komiti yako na uweke yaliyomo ya hesabu.py ya zamani kwenye jina jipya:

git reset --soft HEAD~1
git show HEAD:hesabu.py > ankara.py
git add -A

Angalia git status. Ikisema "renamed: hesabu.py -> ankara.py", komiti. Marekebisho ya import (mistari inayoliita faili hili kwa jina) kwenye mafaili mengine yaache humohumo, hayadhuru kitu. Halafu rudisha nakala yako na uikomiti peke yake. Kuanzia hapo tumia git log --follow ankara.py, kwani bila --follow orodha itaishia kwenye jina jipya. git blame, inayoonyesha nani aliandika kila mstari, huvuka yenyewe bila kuombwa. Kama ungekuwa umeshasukuma, ningekwambia uache kama ilivyo na ujaribu --follow -M30%, inayoshusha kiwango cha kufanana hadi asilimia 30.

Sasa hao mafundi wa filter-repo. Kazi yake halali ni kama kufuta nywila iliyokomitiwa kwa bahati mbaya. Ukiitumia kwa ajili ya jina la faili, heshi (vitambulisho) za komiti zinabadilika tangu faili lilipozaliwa, na timu nzima inalazimika kukloni (kunakili ripo) upya. Tena unatengeneza historia ya uongo: toleo la mwaka juzi litakuwa na ankara.py, huku main.py ya siku hizo bado inasema import hesabu. Siku utakayosaka hitilafu kwa git bisect, inayojaribu matoleo ya zamani ili kupata ilipoanzia, matoleo hayo hayatawaka.

Na kabla ya kuunganisha tawi lako (mkondo wako wa komiti) na kazi ya timu, uliza kama timu yenu huunganisha kwa --squash. Ikiwa ndivyo, komiti zako mbili zitakunjwa kuwa moja na utarudi palepale ulipoanzia. Omba tawi hili liunganishwe kwa njia ya kawaida.