Makro yangu ilivyofuta akiba za bibi wasio na simu

Juzi dogo mmoja kanitumia meseji: "Kaka, nimeona unavyokimbiza kwenye Vim, nirushie makro zako." Vim ni programu ya kuhariri maandishi, na makro ni mfululizo wa vitufe unaourekodi ili ujirudie wenyewe. Sijamjibu mpaka leo. Dogo, jibu lako ni refu kidogo.

Miaka minne iliyopita nilipata kazi ya chama kimoja cha kuweka na kukopa. Walikuwa na faili la wanachama zaidi ya elfu moja, kila mstari una jina, alama ya mkato (,), namba ya simu, mkato, akiba. Namba zilianza na sifuri, na mtambo wa kutuma meseji ulitaka zianze na 255. Mimi nilikuwa na wiki tatu tu tangu nijue makro, kichwa kimevimba kama andazi.

Kwa asiyejua: ndani ya Vim unabonyeza q, kisha herufi, tuseme a. Kuanzia hapo kila unachobonyeza kinarekodiwa, mpaka ubonyeze q tena. Ukipiga @a yote yanajirudia. Ukipiga 2000@a yanajirudia mara elfu mbili, au mpaka hatua moja igome.

Nikarekodi hivi: 0 nirudi mwanzo wa mstari, f pamoja na mkato niruke hadi mkato wa kwanza, l nisogee juu ya sifuri, s niifute na kuandika 255, Escape, j nishuke. Nikajaribu mistari mitatu ya juu, safi. Nikapiga 2000@a mweka hazina akiwa amesimama nyuma yangu. Alikuwa amejiandaa kukaa siku nzima. Akasema, "Kijana, wewe mchawi." Nikaondoka pale natembea kama nimenunua jengo.

Baada ya mwezi nikapigiwa simu. Bibi mmoja kaja kuchukua akiba yake, anaambiwa ana sifuri. Halafu akaja mwingine.

Walikuwa wanachama wasio na simu. Mistari yao ilikuwa na mikato miwili iliyofuatana, katikati hakuna kitu. Makro ikaruka hadi mkato wa kwanza, ikasogea hatua moja, ikakuta mkato wa pili mahali pa sifuri, ikaufuta na kuandika 255. Akiba ya elfu hamsini ikageuka kuwa "namba ya simu" 25550000, na safu ya akiba ikabaki tupu. Na kwa kuwa hawana simu, hakuna meseji iliyowafikia wakashtuka mapema.

Nilirudisha kila kitu kutoka kwenye faili la zamani, usiku mmoja tu. Mkataba sikuupata tena. Aliyeuchukua anatumia Excel. Excel! Inaniuma mpaka leo, na najua haipaswi.

Kuna jambo jingine linaloniuma. Ukifungua Vim bila faili, mara nyingi inakukaribisha kwa ombi la kuwasaidia watoto wa Uganda. Bram Moolenaar, aliyeitoa Vim mwaka 1991 na kufariki 2023, aliigawa bure, akawaomba watumiaji wachangie kituo cha watoto Kibaale, wilaya ya Rakai, karibu na mpaka wa Tanzania. Andika :help uganda usome mwenyewe. Mimi ni mtu wa Bukoba, Rakai ni majirani zetu. Zana ya mtu aliyewakumbuka watu wa vijijini, mimi nikawafutia nayo bibi zangu akiba.

Kwa hiyo vijana, acheni kushindana kwa kasi. Mnabadilisha rangi za kihariri kila Jumamosi, mnanunua kibodi za kelele, lakini faili la mteja hamlisomi! Usirekodi kwenye mstari mzuri wa juu. Tafuta mstari mbovu kuliko yote, rekodi hapo. Kabla na baada, piga :%s/,//gn uhesabu mikato. Idadi ikipungua, simama. Na usifanye mbele ya mteja. Narudia, usifanye mbele ya mteja.

Siku hizi situmii ile f na mkato kwa kazi ile. Naanza na /,0[67] na Enter, yaani tafuta mkato unaofuatwa na sifuri kisha 6 au 7, halafu l, s, 255, Escape. Inatua penye namba ya simu tu, wasio na simu inawapita, na zikiisha inagoma yenyewe. Wataalamu watasema amri moja ya %s, ya kutafuta na kubadilisha faili zima, inatosha. Inatosha, ndiyo.

Dogo, makro yenyewe ndiyo hiyo. Ila kabla hujaigusa, nitumie mistari ishirini ya faili lako, majina na namba ukiwa umezibadilisha, na usinichagulie iliyo mizuri.