Tairi la spea ndani ya RAV4 ya zamani: nilivyolifunga baada ya kukosea

Toyota RAV4 yangu ni ile ya kizazi cha kwanza, iliyotengenezwa kati ya 1994 na 2000, yenye tairi la spea mgongoni. Mlango wake wa nyuma haunyanyuki. Unafunguka kwa ubavu, bawaba zikiwa kulia, na tairi zima linaning'inia juu yake. Siku moja nililipeleka tairi hilo kwa mwenye duka jirani, tukaliweka kwenye mizani ya magunia: kilo 22 pamoja na rimu ya chuma. Kwenye lami kilo hizo hazina neno. Zipeleke barabara ya vumbi ya Ifakara hadi Mlimba, zirukeruke kwenye makorongo mwaka baada ya mwaka, ndipo utajua kwa nini milango hii hulegea.

Wangu ulianza kwa kugongagonga. Baadaye ikawa lazima niunyanyue kwa goti ndipo komeo liingie, na vumbi likawa linajaa buti hadi kwenye mabegi. Fundi alibadilisha pini za bawaba. Miezi michache tu, ukashuka tena. Nikaamua spea iingie ndani.

Niseme mapema: kama bawaba zako ni nzima na tairi ni la saizi ya gari, liache lilipo. Buti la RAV4 ni dogo, na tairi la 215/70R16 lina kipenyo cha sentimita 71 hivi. Ukiogopa wezi, tafuta nati yenye kufuli. Kulihamishia ndani ni dawa ya mlango uliochoka.

Mwanzoni nililifanya kizembe. Nililisimamisha nyuma ya siti, nikalifunga kwa kamba ya katani kwenye vyuma vya siti, nikajiona nimemaliza. Kisha tukawa tunashuka mteremko wa Kitonga tukitokea Iringa, roli la mbele likasimama ghafla kwenye kona, nami nikakanyaga breki kwa nguvu zote. Kamba ilikatika. Tairi liliipiga siti ya nyuma kwa kishindo, komeo la siti likapinda, na mpwa wangu aliyekuwa amekaa hapo alisukumwa mbele mpaka mkanda ukamwachia alama begani. Hakuumia zaidi ya hapo. Mimi ndiye niliyeshindwa kuendesha, nikaegesha Ruaha Mbuyuni nikanywa chai mbili.

Nilipofika nyumbani nilipiga hesabu. Kilo 22 zikienda kilomita 50 kwa saa zinabeba nguvu ya tairi hilohilo lililoachiwa kutoka kimo cha karibu mita 10. Kwa mwendo wa 80, kimo hicho ni mita 25. Sasa fikiria kichwa cha mtoto kikiwa chini yake.

Kwa hiyo tairi lishikwe na chuma, na chuma hicho kishikwe na bodi ya gari. Mkanda wa kufungia mizigo, ule wenye mkono wa kukazia kama wa malori, ni wa kuongezea tu. Nililaze au nilisimamishe? Likilala linatulia chini na gari haliyumbi, ila kila ukipata pancha unashusha mizigo yote barabarani, usiku, pengine na mvua juu. Mimi nililisimamisha ubavuni, upande wa kushoto, kwa kuwa huko ndiko kwenye ukingo wa barabara ninapoegesha.

Fundi wa kuchomelea alitengeneza kibano cha chuma cha milimita 6, chenye boliti mbili za gurudumu, zile mafundi wanazoziita stadi, nilizozipata mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwenye hub (kitovu cha gurudumu) iliyokufa. Rimu inaingia humo kama inavyoingia kwenye ekseli, kisha nazifunga nati za kawaida. Faida yake ni kwamba wili spana ileile inayofungua gurudumu ndiyo inayofungua spea, na hakuna spana ya ziada ya kupotea. Kibano kimepigwa boliti nne kwenye sakafu, na chini ya sakafu kuna vipande vya bamba vya sentimita 10 kwa 10. Usikubali washa ndogo, kile kiduara cha chuma kinachokaa chini ya nati, peke yake. Bati la sakafu ni jembamba, na tairi likivutwa kwa nguvu washa inachomoka nalo kama kifungo cha shati.

Kabla ya drili, ingia uvunguni. Mimi nilitaka kutoboa pale palipoonekana pazuri, fundi akanishika mkono: "Kaka, chungulia kwanza." Mrija wa breki ulikuwa unapita hapohapo. Angalia pia tangi, nyaya na ekzosi. Matundu yakishatobolewa, yapakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo.

Kuna mambo madogo ambayo sikuyafikiria. Ukitoa kibebeo cha mlangoni kinaacha matundu, na mvua ya masika iliyapata kabla yangu. Yazibe kwa boliti fupi na silikoni. Mdomo wa kujazia upepo uelekee kwako, la sivyo hutaukagua kamwe, na spea isiyo na upepo ni mzigo tu. Tairi lenye pancha hurudi ndani na tope lake, kwa hiyo weka kipande cha turubai. Na jeki, pembetatu za kuakisi na mtungi wa zimamoto visikae nyuma ya tairi. Trafiki akikusimamisha hana muda wa kukusubiri ufungue nati.

Baada ya safari ya kwanza ya vumbi rudi ukakaze zile boliti nne. Zangu mbili zilikuwa zimelegea robo mzunguko. Tangu hapo nimebadilisha nati zake, nikaweka zile zenye plastiki ndani, na hazijasogea.

Mlango sasa naufunga kwa vidole viwili, na kwenye kioo cha ndani naona gari la nyuma lote, si nusu yake. Vumbi bado linapenya kona ya chini. Hiyo ni raba ya mlango. Imekaukia hapo tangu gari lilipoletwa, na bado sijapata ya saizi yake.