Je, maada ni gereza la roho?

SWALI: Ndugu Mhariri, je, ni kweli kwamba katika Kabala, yaani mafundisho ya siri ya Kiyahudi, mwili na vitu vyote ni gereza ambalo roho inapaswa kulikimbia? Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, Wagnosi wengi wa kale, yaani watu waliotafuta wokovu kwa elimu ya siri, walifundisha hivyo, lakini Isaac Luria, mwalimu mkuu wa Kabala aliyefariki mjini Safed, Galilaya, mwaka 1572, alikuwa na jibu lingine, nami naliona lina kina zaidi. Kwa mujibu wa mwanafunzi wake Hayyim Vital, Mungu asiye na mwisho kwanza alijikusanya ndani yake mwenyewe ili kuuachia ulimwengu nafasi. Kisha nuru yake ikamiminwa katika vyombo, na baadhi ya vyombo hivyo vikashindwa kuihimili, vikapasuka. Cheche za nuru zikaanguka pamoja na vigae, zikanaswa ndani ya maada. Ndiyo maana mfuasi wa mafundisho haya, anaposhika kipande cha mkate na kukisomea baraka kabla ya kula, huamini kwamba anaikomboa cheche iliyofungwa ndani ya ngano. Kula kwa nia safi, basi, ni ibada kamili, wala mwili si adui, kwa kuwa kazi hiyo haiwezi kufanywa pasipo mkono na kinywa.