"Bei njoo DM" ndo inakufukuzia wateja

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti, yaani mtu ana bidhaa nzuri, ana simu, anaposti kila siku, na bado mauzo hayaendi. Nimechagua nne, nimezifupisha kidogo, na majina na kurasa zenu sijazitaja kama mlivyoomba.

SWALI: Shikamoo dada. Niko Mbeya, nauza mashuka, mapazia na mablanketi. Huu mwaka wa pili niko Instagram na nina mafolowa 4,200. Watu wanalaiki, wanaandika "nzuri jamani", ila wanaonunua ni majirani na watu wa kanisani kwetu tu. Kuna kaka ananiambia ananiuzia mafolowa 10,000 kwa bei poa ili ukurasa uonekane mkubwa. Ninunue?

Marahaba mdogo wangu. Usinunue. Hayo mafolowa ya kununua ni akaunti za uongo, Instagram wanazifuta kila wakati, na zisipofutwa ndo mbaya zaidi maana posti yako inapelekwa kwa akaunti ambazo nyuma yake hakuna mtu, hakuna anayegusa wala kukomenti, na mtandao ukiona hivo unajua posti haina mvuto unaacha kuisambaza hata kwa wale mafolowa wako wa kweli. Unalipa hela ili ufichwe.

Sasa tuje kwenye tatizo lenyewe. Ulinitumia ukurasa wako, nimeupitia jana usiku posti moja moja mpaka mwisho, na sijaona bei hata sehemu moja. Kila mahali "bei njoo DM". Chukua ile ya shuka la kijani la maua, uliyolipiga likiwa limeanikwa kwenye kamba, nyuma inaonekana migomba. Ile ina komenti 19, na 14 kati ya hizo mtu kaandika neno moja tu, "bei?" Wote 14 umewajibu "njoo DM kipenzi". Hao 14 walikuwa wameshatia mkono mfukoni, mdogo wangu. Mtu yuko kwenye daladala kasimama, bando lake la kuunga unga, kaona shuka kalipenda, anataka kujua tu kama hela yake inatosha, wewe unamwambia afungue sehemu nyingine, aandike salamu, asubiri ujibu. Wengi wanaona aibu pia, hilo wauzaji hatulifikirii, mtu hataki kuja DM halafu aambiwe bei imemzidi aanze kutafuta namna ya kuaga. Anapita tu, na hutajua kamwe kwamba alikuwepo.

Najua kwanini unaficha, na mimi nimeficha miaka. Unaogopa mwenzako wa mtaa wa pili ataona bei yako ashushe. Lakini huyo akitaka bei yako anajifanya mteja anaipata kwa dakika mbili, kwa hiyo unayemficha siye yeye, unamficha mnunuzi. Na kuna wanaoficha ili kila mtu apewe bei kulingana na anavyoongea, hiyo naomba uiache kabisa, watu wanaongea, siku wawili wakikutana wakalinganisha risiti umewapoteza wote.

Andika hivi, yaani maneno haya haya: "Shuka pamba, 6 kwa 6, mashuka mawili na foronya nne, 45,000. Nipo Mbeya mjini, mikoani natuma kwa basi, nauli ya mzigo juu ya mteja." Bei weka yako, hiyo ni mfano. Ukubwa ni lazima, mwenye kitanda cha 5 kwa 6 asije akapokea kitu kinaburuza chini. Mapazia kwa kuwa unashona kwa vipimo huwezi kuweka bei moja, andika bei ya mita na mfano wa dirisha moja la kawaida limeishia shilingi ngapi.

Na ile picha ya kwenye kamba, unajua kwanini ilipata komenti nyingi kuliko zile zingine zinazong'aa? Zile zingine umezichukua kwa wauzaji wa China, picha hiyo hiyo ipo kwenye kurasa ishirini za Kariakoo, mteja kashaiona na pengine kashaumizwa nayo, alionyeshwa ile akaletewa kitu kingine. Hii ya kamba kaona shuka la kweli, kwenye nyumba ya kweli. Kwa hiyo piga zako mwenyewe, asubuhi, tandika kitanda karibu na dirisha, zima flashi, piga moja kitanda kizima, moja karibu kabisa mpaka nyuzi na pindo la mshono vionekane, na moja umeshika kona kwa mkono ili mtu aone uzito wa kitambaa. Inatosha.

Halafu mtu wa Dodoma asiyekujua kwanini akutumie hela kabla hajaona mzigo? Hilo swali analo kichwani hata asipokuuliza. Kata lipa namba, ile namba ya kupokelea malipo ya biashara, iwe na jina la biashara, jina linalotokea kwenye simu yake wakati analipa lifanane na jina la ukurasa, maana akiona jina la mtu mwingine kabisa anaghairi hapo hapo na yuko sahihi. Ukishapakia mzigo mpigie picha furushi likiwa na jina lake juu na risiti ya basi, mtumie. Ukipata ruhusa yake hiyo picha iweke na kwenye ukurasa, ila ziba namba yake ya simu kwanza.

La mwisho kwako, angalia kalenda. Baridi la huko kwenu linabana Juni na Julai, mablanketi anza kuyaposti Mei mapema, mtu ananunua akianza kusikia baridi sio likishaisha. Januari watu wana ada za shule, usijilaumu mauzo yakilala. Vitu vya bei kubwa posti kuanzia tarehe 24 hivi mishahara inapoanza kuingia.

SWALI: Dada habari. Mimi ni fundi wa makochi na vitanda hapa Keko, Dar. Kijana mmoja ananiambia bila tovuti biashara haitambuliki, anataka milioni moja na nusu anitengenezee. Hela ninayo ila ndo ya kununulia mbao. Unanishaurije?

Kaka yangu nunua mbao.

Tovuti sio kitu kibaya, ukianza kupata oda za hoteli na maofisi wanapenda kuona tovuti na imeili yenye jina lako, wakati huo utafanya. Ila sasa hivi mteja wako ni mtu anayeandika kwenye simu "fundi makochi Keko" anataka kuona kazi na kujua anafikaje. Kwa huyo kuna kitu cha bure, wasifu wa biashara wa Google, ndo kile kinachotokea kwenye ramani na picha, namba ya simu na saa za kufungua. Keko kila Mdar anajua ni mahali pa samani, watu wanapatafuta wenyewe, wewe hakikisha tu wakitafuta wanakukuta.

Unafungua kwa imeili yako, sio ya mtoto wa dada wala ya huyo kijana. Jaza jina kama lilivyo kwenye kibao, chagua aina ya biashara, sogeza alama ya ramani mpaka ikae juu ya karakana yenyewe, sio barabarani. Google watataka kuthibitisha kwamba upo, mara nyingi wanaomba video, unatembea unarekodi bila kukata, mtaa uonekane, kibao kionekane, uingie ndani waone mashine na kochi lililoanza kuvalishwa kitambaa. Kama huna kibao kachoreshe kwanza. Baada ya hapo weka picha za kazi, na hapa nakusisitiza, piga kochi likiwa fremu tupu kabla ya sponji. Kila fundi anaonyesha kochi likiwa limependeza, lakini mteja hofu yake ni mbao mbichi na misumari miwili, ukimwonyesha ndani umemaliza kazi ya kumshawishi.

Ukikabidhi kazi na mteja karidhika, muombe pale pale aandike maoni yake Google, mtumie linki. Usimlipe wala kumpunguzia bei ili akusifie, Google wanakataza na wakigundua wanayafuta. Akitokea aliyelalamika mjibu kwa adabu, sema utarekebishaje, wanaosoma baadae wanaangalia sana ulivyojibu.

Na siku ukifikia kutengeneza tovuti, shika hili. Mimi 2017 nilimlipa mtu akanitengenezea tovuti nzuri, nikaichapisha kwenye kadi na mifuko yote. Mwaka ukaisha simpati kwenye simu, kumbe jina la tovuti alilisajili kwa imeili yake na nywila zote anazo yeye, muda wa kulipia ukapita ikazimika na sikuwa na la kufanya. Nilitupa maboksi mawili ya mifuko. Kwa hiyo jina lako liwe .co.tz au lingine lolote, lisajiliwe kwa jina lako, imeili yako, na risiti ya malipo ya kila mwaka ije kwako. Hilo mmalizane kabla hujatoa hata shilingi.

SWALI: Natengeneza achari ya embe na ya ndimu nipo Tanga. Nilikusanya namba kama 900 kutoka magrupu mbali mbali ya WhatsApp nikawa natuma matangazo, namba yangu ikafungiwa siku kadhaa. Na sasa nikituma kwa listi wengi wanasema hawajapata. Nakosea wapi?

Pole sana mama, ila hao 900 hawakukupa namba zao, umezichukua. Mtu akipata tangazo la achari kwa namba asiyoijua anabonyeza ripoti, wakiripoti wengi WhatsApp wanakufungia, na ukirudia wanaweza kukufungia moja kwa moja na wateja wako wote wa kweli wako humo. Tena siku hizi tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, namba ya mtu ni taarifa yake. Zifute.

Kuhusu kutokufika, listi ya matangazo ya WhatsApp inabeba watu 256, na anayepata ni yule tu aliyekusevu kwenye simu yake. Ndo maana wengi hawaoni. Kwa hiyo kazi yako ni kufanya watu wakusevu wenyewe. Kwenye kila kopo bandika karatasi ndogo, "Sevu namba hii, tuma neno ACHARI, nikipika mpya nakujulisha." Aliyekula kopo likaisha huyo ndo mteja, watu 60 wa namna hiyo wanawashinda wale 900.

Hamia WhatsApp ya biashara, ni bure na namba yako inabaki ile ile. Weka katalogi, kila kopo na picha yake, gramu zake na bei yake. Tengeneza majibu ya haraka, kwa mfano ukiandika mkwaju, yaani alama hii /, na neno bei, inakuja orodha nzima yenye bei na gharama ya bodaboda, huandiki upya kila saa huku mikono ina pilipili. Na weka lebo, aliyelipa, anayedaiwa, wa kupelekewa kesho. Stetasi inakaa saa 24 tu, iposti siku unayopika, embe zikiwa zimeanikwa juani, sio kopo peke yake kila siku.

Kwa kuwa ni chakula na unataka kutuma mbali, fika ofisi za SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, hapo hapo mkoani wakuelekeze njia ya kupata alama ya TBS, yaani ya shirika la viwango. Alama ikipatikana iwe kwenye lebo na kwenye picha ya kwanza ya katalogi.

SWALI: Dada nimeibiwa WhatsApp ya biashara! Meseji ilikuja kutoka kwa mteja wangu wa siku nyingi ananiomba nimtumie namba sita zilizoingia kwenye simu yangu kwa bahati mbaya, nikatuma. Sasa mtu anaomba wateja wangu hela kwa jina langu. Nifanyeje haraka?

Mteja wako naye alishaibiwa kabla yako, usimgombeze. Fungua WhatsApp kwenye simu yenye laini yako, jisajili upya kwa namba ile ile, zikija namba sita kwa meseji ziingize, mwizi anatolewa hapo hapo. Kama ikikudai namba ya siri ambayo hujaweka wewe, basi kaiweka yeye, utasubiri siku 7 ndo uingie bila hiyo, ila yeye hata sasa hivi hawezi kuendelea kuitumia ukishaingiza zile sita.

Wakati unahangaika na hilo, mpe mtu wa nyumbani simu nyingine awapigie wateja wakubwa, aposti Facebook na Instagram kwamba namba imeibiwa mtu asitume hela. Aliyekwisha kutuma apige huduma kwa wateja ya mtandao wake sasa hivi, kila dakika inahesabika maana hela ikishatolewa kwa wakala kuirudisha ni shida, na akatoe taarifa polisi.

Ukirudi ndani ingia mipangilio, akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili, weka namba yako ya siri na imeili yako. Wengine mnaosoma mnaweza kuiweka sasa hivi kabla hamjafunga ukurasa huu, ni dakika moja.