Sumaku haikuambii kitu kuhusu sinki la Pasaka

Dada, weka hilo birika chini kwanza. Umesema sinki la bosi wako ni jeupe, sumaku imeshika, kwa hiyo kesho utalimwagia maji yanayochemka liwe kosheri, yaani linalokubalika kidini, kwa Pasaka ya Kiyahudi. Nilipofika kwenye sumaku damu ilinichemka. Nilipoanza kazi kwa familia ya Kiyahudi huku Brooklyn, mama mmoja wa wakala, mjuaji wa kila kitu, aliniambia hivyo hivyo: ikishika ni chuma, na chuma dawa yake maji ya moto, basi.

Sinki nyingi nyeupe ni chuma kweli, lakini kimepakwa enameli. Unakijua kile kikombe cha chai cha nyumbani, kikigonga sakafu kinabanduka na weusi unatokea? Ndilo hilo sinki. Sumaku inashika chuma cha ndani, ila tambi na supu za mwaka mzima zimegusa enameli, na marabi wengi wanaihesabu enameli kama chombo cha udongo: hametzi (chakula cha nafaka kilichochacha, mwiko wakati wa Pasaka) iliyokwisha kuingia haitolewi kwa maji ya moto. Tena sinki nyingi za chuma cha pua hazishiki sumaku kabisa! Kwa hiyo inakudanganya huku na huku.

Mimi nilimwaga, nikafurahi, nikaosha humo sahani za Pasaka za kauri kwa maji ya moto. Mama mwenye nyumba alipoingia jikoni alishika tu ukingo wa sinki, kimya. Rabi wao akapigiwa simu, akasema zisitumike. Seti nzima ikarudi kwenye makasha, nyingine ikanunuliwa siku bei zimepanda, na sehemu ya pesa ikatoka kwenye mshahara wangu. Yule wa wakala? Simu hapokei mpaka leo. Anayeona nakuza mambo aje abebe yale makasha ngazi hadi ngazi, ndipo tuongee.

Sinki jeupe: lisugue, limwagie maji yanayochemka kama familia inataka, kisha vyombo vioshwe ndani ya beseni jipya lililoinuliwa juu ya kichanja cha waya, moja la vyombo vya nyama na moja la vya maziwa, maana kwao hivyo havichanganywi. Chombo kisiguse sinki lenyewe.

Likiwa la chuma cha pua, hapo birika lina kazi. Lisafishe, toa chujio (wengi hununua jipya), kisha saa 24 kisimwagwe humo kitu chochote cha moto, hata chai iliyobaki. Likaushe kwa kitambaa, maana maji baridi yaliyotuama yanapoza yale ya moto. Mwaga moja kwa moja kutoka kwenye birika linalochemka, kipande kwa kipande, pembe zote na bomba pia. Pale ambapo maji yametiririka tu hapahesabiki, rudia. Maji ya moto ya bombani hayatoshi. Mwisho suuza kwa maji baridi. Yote yaishe kabla hametzi haijakatazwa, asubuhi ya tarehe 14 Nisani (mwezi wa kalenda ya Kiyahudi), Pasaka ikiingia jioni yake.

Lakini kabla ya yote tazama chini ya ukingo na kuzunguka tundu, panapobanduka rangi. Ukiona weusi au kutu chini ya weupe, usimwage hata tone kwanza. Leo hii muulize mama mwenye nyumba: "Rabi wenu anasemaje kuhusu sinki hili?" Akupe jibu lake kwa ujumbe wa simu, uutunze.